Tupeane uzoefu: marubani wa chopa za jeshi, mafundi wao na sisi tulioko nyumbani, mlishukuriana vipi?

Binti wa Langoni (Lamu)
Asalam aleikum wenzangu wa Lamu, wa Malindi na popote mlipo. Leo nataka tuongee kuhusu hawa watu wa chopa za jeshi. Sisi huku zikipita tushazoea, watoto ndo hukimbilia darini kupunga mikono, lakini tangu KDF, jeshi letu la Kenya, waingie Somalia Oktoba 2011, halafu ikaja Linda Boni 2015, ile operesheni ya msitu wa Boni dhidi ya al-Shabaab, ule mlio umekuwa sehemu ya maisha yetu, na kila chopa inayopita ina rubani, ina mafundi waliobaki chini, na kuna mama au mke mahali anangoja simu. Kakangu ni fundi, si rubani. Harusini watu wakisikia yuko jeshi la anga wanamuuliza "unarusha?", akisema hapana mimi natengeneza, basi mazungumzo yameishia hapo. Inaniuma kwa kweli. Mwenye kisa cha shukrani, ulishukuru au ulishukuriwa, alete. Majina na kambi tuyaache, usalama kwanza.

Mzee wa Maweni (Malindi)
Nimestaafu, nilikuwa fundi wa helikopta miaka mingi, hili ni langu kabisa. Watu hawajui pwani inavyokula chuma. Ndege ikishinda inaruka kando ya bahari ikirudi lazima ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na injini nayo inaoshwa kwa ndani, ukizembea kutu inaanza mahali huoni. Kisha kuna mchanga, ikitua kwenye vumbi yale mapanga ya juu yanasuguliwa kila siku yanalika. Huey kwa mfano, ile aina moja ya helikopta za jeshi, kile kichwa kinachobeba mapanga yake mawili kimeshikiliwa pale juu na nati moja kubwa, moja tu, kwa hivo kabla ya kuruka lazima mtu apande. Nilikuwa napanda alfajiri na tochi mdomoni, napitisha kidole natafuta mafuta yanayovuja, ufa, au boliti ambayo alama yake ya rangi imesogea, ndo nashuka naweka sahihi kitabuni.

Kulikuwa na rubani mmoja, kapteni wakati huo, akirudi hata helmeti hajaweka chini anamtafuta fundi aliyesaini, anampa mkono. Na kama alisikia mtetemo kidogo tu anakueleza, ulikuwa wa miguuni au wa kitini, ulianza mwendo gani, uliisha akifanya nini. Mkono ni mzuri, lakini hayo maelezo ndo yalikuwa yananipa raha zaidi, maana mtu amekuwa huko juu na roho yake mkononi na bado akakumbuka kukubebea habari ya kazi yako.

Mama wa Kiunga
Shikamoo mzee. Mimi nina kisa na nilikuwa sijakisema popote. Dada yangu alishikwa na uchungu mtoto amekaa vibaya, kule zahanati wakasema huyu ni wa Lamu sasa hivi. Barabara ya kupitia Hindi, ule mji wetu wa Lamu, mwaijua wenyewe habari za mabomu ya kutegwa, na bahari ilikuwa kusi imechafuka, nahodha gani angekubali. Ikatokea chopa ya jeshi imeleta vitu vyao, wazee wakaenda kuomba, rubani akakubali hapo hapo. Lakini kulikuwa na askari washapanda wanarudi na jua lilikuwa la saa saba, wakashushwa wengine na mizigo yao ndo sisi tukapanda, na wale askari hakuna aliyenung'unika hata mmoja. Yule fundi wa nyuma alivua koti lake akamtilia dada chini ya kichwa, akamvisha vile vya kuziba masikio, njia nzima amemshika mkono. Rubani mimi sura yake sikuiona, niliona shingo tu imelowa jasho.

Mtoto alizaliwa mzima alhamdulillahi. Sasa shukrani tumpe nani? Hatukuwajua. Mama akapika, tukapeleka pale getini tukamwachia askari. Siku zikapita mpaka tukaacha kufikiria, akaja askari mmoja dukani kununua soda akaniuliza, yule mama wa chopa alijifungua? Nikamwambia mtoto wa kiume. Yule kijana aliruka wallahi, akasema wenzake kambini wanauliza mpaka leo.

Mzee wa Maweni (Malindi)
Marahaba binti yangu. Umenigusa. Wale waliposhushwa ni kwa sababu ya joto, mchana hewa inakuwa nyepesi, helikopta haibebi uzito ule wa asubuhi, kwa hivo rubani alipiga hesabu akawachagua nyinyi. Na kuhusu habari, hilo ndo jambo lenyewe. Sisi tunambeba mtu, tunamkabidhi, tunaosha damu sakafuni, basi. Aliishi? Hakuna anayerudi kusema. Nina watu ninaowawaza mpaka leo nimestaafu.

Wa Mpeketoni
Mimi nitasema kweli, ule mlio unanirudisha Juni 2014, tuliposhambuliwa hapa Mpeketoni watu wakauawa, moyo unakwenda mbio. Siwachukii, nawaombea. Lakini darini siwezi kupanda kupunga mkono.

Binti wa Langoni (Lamu)
@Wa Mpeketoni pole sana ndugu yangu, na asante kwa kusema. Mahali pako hapa pako.

Mke wa Rubani (Malindi)
Ile Septemba 2023 Huey ilipoanguka usiku huko Lamu kwenye doria, wangu hakuwa ndani, ila mimi sikujua mpaka kumekucha. Simu yake haishiki. Wa kwanza kunipigia hakuwa mkubwa yeyote, alikuwa fundi wake, "shemeji, yuko salama, nimemuona kwa macho yangu". Maneno machache tu. Halafu nikalia kwa ajili ya wale wengine, kwa sababu kuna nyumba simu ya namna hiyo haikuingia.

Tangu hapo nikituma kifurushi nafunga viwili. Visheti na achari ya embe ya mume wangu, na ndoo nyingine nimeandika kwa maka YA MAFUNDI, mume wangu haruhusiwi kufungua. Na Idi naongea na mama yake yule fundi, yuko bara huko, Kiswahili chake cha shida na changu cha kipwani, tunaelewana.

Binti wa Langoni (Lamu)
Shemeji Mungu akuwekee. Dada wa Kiunga, ukiniruhusu nitamtumia kakangu kisa chako, hawa watu wanajuana, yule wa koti hapotei. Nimwambie mtoto anaitwa nani?

Mama wa Kiunga
Jina nitakutumia inbox. Mwambie yuko PP1, chekechea, ana meno mawili yameng'oka, na koti tunalo bado, lilisahaulika kwenye machela, dada amelifua. Akilitaka aseme tulipitishe wapi.