Mliobadilisha plagi za gari wenyewe nyumbani, mlikuta nini mlipozichomoa? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Ipagala (IST)

Habari zenu wadau. Nimeleta hii kwa sababu hapa Dodoma tangu serikali ihamie magari madogo yameongezeka sana, kila nyumba utakuta IST, Vitz, Passo, lakini ikifika swala la plagi, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuchoma petroli ndani ya injini, watu wanapeleka gereji, fundi anachomoa, anatupa, anaweka mpya, mwenye gari hata hajui zile za zamani zilikuwa na hali gani. Mi naona hapo ndo tunapopoteza, maana plagi iliyotoka kwenye injini inakwambia vitu vingi kuliko ile mpya uliyonunua.

Gari yangu ilianza kutetemeka ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), ukisimama kwenye foleni unasikia kabisa usukani unacheza, na asubuhi selfu inakuwa ndefu. Nikaamua Jumamosi nifungue mwenyewe, na asubuhi kabla sijaiwasha, kwa sababu kichwa cha injini ni alumini na ukichomoa plagi injini ikiwa ya moto unaweza kuondoka na nyuzi zote. Kwenye IST unatoa kava ya plastiki ya juu, chini yake kuna koili nne (zinazopeleka umeme kwenye plagi), kila moja ina bolti ya namba 10. Soketi za waya zinabanwa taratibu, plastiki yake imeshazeeka inakatika kirahisi, halafu koili unaizungusha kidogo kushoto kulia ndo unaivuta juu.

Sasa ishu ya Dodoma ni vumbi aisee. Matundu yote manne yalikuwa na mchanga umejikusanya kuzunguka plagi, mwekundu ule ule wa huku kwetu Ipagala barabara za ndani. Ukifungua plagi hapo hapo ule mchanga unadondoka ndani ya silinda. Nilichukua pampu ya baiskeli nikafunga mpira mwembamba mbele nikapuliza tundu moja moja mpaka safi, ndo nikaleta soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani na ekstenshen ndefu.

Nikazipanga kwenye kipande cha boksi nimeandika 1 2 3 4, namba moja ni upande wa mikanda. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia ya mkate, ambayo ni nzuri tu, ila zimelika mpaka ncha imekuwa duara, na nilipopima na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) pengo la ncha lilikuwa limepita sana ile milimita 1.1 inayotakiwa. Ya nne ilikuwa ya namba tofauti kabisa na wenzake! Yaani aliyekuwa na gari kabla yangu alibadilishiwa moja tu akaachiwa hivyo. Nimeweka mpya nne za aina moja, sailensa imetulia. Haya, nanyi leteni, mlikuta nini?

Mdau wa Kisasa (Vitz)

Asante kaka kwa mada. Mimi ni mwanamke na naishi na watoto, nilijifunza kwa sababu fundi aliniambia Vitz yangu inataka ovahoo (kufunguliwa injini nzima). Alichomoa koili moja akanionesha imelowa oili akasema ringi za pistoni zimekwisha, mama andaa pesa ndefu. Sikuridhika, nikamuomba anirudishie kama ilivyokuwa nikaondoka.

Nyumbani mdogo wangu aliyesoma VETA akaja tukafungua wote. Ni kweli oili ilikuwepo, lakini ilikuwa imejaa juu ya plagi, kwenye ile sehemu nyeupe na kwenye mpira wa koili. Tulipochomoa plagi yenyewe ncha yake ya chini ilikuwa kavu kabisa, ya kahawia. Mdogo wangu akanielewesha kwamba oili ikiwa juu inatoka kwenye mipira ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inayozunguka matundu ya plagi, imekauka kwa joto ikakakamaa inavujisha. Ingekuwa ringi au vavu sili (vimpira vya kuzuia oili kwenye vavu) oili ungeikuta chini kwenye ncha, na plagi ingekuwa nyeusi inang'aa. Tulibadilisha gasketi ya tapeti kava na ile mipira ya matundu, tukafuta matundu na kitambaa mpaka yakakauka, plagi mpya, koili moja ambayo mpira wake ulikuwa umevimba tukanunua nyingine. Gari linatembea hadi leo nalipeleka Mtumba kazini kila siku na oili haipungui.

Kwa hiyo dada zangu mkionyeshwa oili, ombeni muone NCHA.

Mdau wa Nkuhungu

Dada umenisaidia sana, yangu ina oili hivyo hivyo juu na mimi nimeambiwa hayo hayo. Naenda kuangalia ncha.

Mzee wa Kizota (fundi mstaafu)

Vijana hongereni, na huyo binti wa Kisasa mdogo wake amefundishwa vizuri. Nimefanya kazi hii muda mrefu nami niongezee.

Rangi za plagi ni hivi. Kahawia hafifu au kijivu, injini inachoma sawa. Nyeusi kavu kama masizi ya jikoni, petroli inazidi hewa, anza na ea klina (chujio la hewa) kabla hujaanza kulaumu nozeli zinazonyunyiza petroli. Nyeusi yenye maji maji ya oili, hiyo ndiyo ringi au vavu sili. Nyeupe pepe na ncha imeungua, hapo inapata joto kupita kiasi, pengine hewa inaingia kwa njia ya panya au plagi si ya namba yake. Na muangalie kwa kulinganisha, kama tatu zinafanana na moja iko tofauti, shida iko kwenye silinda hiyo, kama zote nne ziko sawa sawa na ni mbaya, tafuta kitu kinachogusa injini nzima.

Kuhusu namba ya joto ya plagi, watu wananunua kwa kuangalia urefu tu na hiyo si sahihi. NGK namba 5 inalingana na Denso 16, NGK 6 ni Denso 20, na kwa hizo chapa mbili namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka. Bosch wao wanahesabu kinyume. Ile 11 ya mwisho kwenye NGK, kama BKR5EYA-11, ni pengo la milimita 1.1.

Kukaza sasa, hapa ndipo vichwa vya injini vinapokufa. Plagi unaianzisha kwa vidole, soketi na ekstenshen tupu bila kishikio, mpaka igote. Kama inagoma mapema usiilazimishe, irudishe nyuma uanze tena. Ikishagota, plagi mpya yenye washa unaongeza nusu mzunguko ile washa ilale, basi. Hiyo hiyo ukiitoa ukairudisha, washa imeshalala, kwa hiyo unagusa kidogo tu. Mwenye torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwenye injini ya 1NZ ya IST kitabu cha Toyota kinasema 18 Nm, ambayo ni ndogo mno, mkono wa mtu mzima unaipita bila kujua.

Mdau wa Area C

Mzee shikamoo. Swali, mi huwa napaka grisi kidogo kwenye nyuzi za plagi ili isigande, kuna ubaya?

Mzee wa Kizota (fundi mstaafu)

Marahaba kijana. Acha kupaka. Plagi za siku hizi zinatoka kiwandani zimepakwa madini ya kuzuia kutu, NGK wenyewe wanakataza. Nyuzi zikiwa na grisi mkono unadanganyika, unakaza zaidi ya kiasi unaona bado laini, unazivuta nyuzi. Zamani kwenye plagi nyeusi zisizopakwa kitu tulikuwa tunapaka.

Mdau wa Manyoni (Starlet)

Mi gari yangu ni ile ya zamani ya disibyuta (inayogawa umeme kwa plagi) na waya ndefu za plagi, hamna koili juu. Niliinunua kwa mtu na nilipotaka kubadilisha ya tatu ikagoma kabisa, fundi wa mwanzo aliikaza kwa nguvu zake zote. Sikuivunja. Nilipuliza tundu, nikapulizia WD-40 kuzunguka shina jioni nikaiacha mpaka kesho yake, asubuhi nikaisogeza robo kufungua, robo kurudi, nikapulizia tena, robo tena, pole pole hivyo hivyo mpaka ikatoka nzima na nyuzi za kichwani ziko salama. Mtu akikwambia ongeza bomba kwenye kishikio mkatalie, plagi inakatika unabaki na nusu ndani.

Na wenye waya kama mimi, badilisheni moja moja, toa waya moja, badilisha plagi, rudisha waya, ndo uende nyingine, maana mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2 na ukizichanganya gari haiwaki au inapiga risasi kwenye ekzosi. Waya unavuta kwa kushika kichwa chake cha mpira, ukivuta kwa waya yenyewe inakatikia ndani na huioni.

Nilichokuta mimi, plagi mbili ziko sawa, ya kwanza na ya tatu nyeusi masizi, na waya zake zilikuwa zimetafunwa na panya. Nikanunua seti ya waya na plagi zote.

Mdau wa Kondoa (Passo)

Mimi ni mwalimu, shule iko mbali na lami, vumbi la kiangazi huku hata ndani ya gari inaingia. Passo yangu ya silinda tatu, ile cc 1000, plagi ziko chini ya boksi la ea klina kwa hiyo boksi lazima litoke kwanza. Plagi zote tatu zilikuwa nyeusi kavu masizi matupu, na nilipofungua ea klina ilikuwa imeziba mpaka ukiishika juani huoni mwanga upande wa pili. Mzee wa Kizota amesema kweli, ningebadilisha plagi peke yake zingekuwa nyeusi tena. Niliweka ea klina mpya na plagi tatu mpya, baada ya muda nikachungulia moja, kahawia safi. Kwa barabara zetu hizi kung'uta ea klina na kuibadilisha mapema kunasaidia plagi kuliko kitu chochote.

Mdau wa Majengo

Jamani angalieni na feki! Nilinunua seti inayoitwa iridium kwa bei ya kutupa, maandishi yakafutika kwa kidole, washa ikadondoka yenyewe nikiwa naishika, na ncha ya katikati nene kama ya plagi ya kawaida. Nilizirudisha dukani kabla sijazifunga. Iridium ya kweli ncha yake ni nyembamba sana, Denso Iridium Power ni milimita 0.4, unaiona kabisa ni kama sindano. Na hiyo ncha usiiguse na fila geji ya chuma kujaribu kuitanua maana inavunjika, zinakuja pengo likiwa limeshawekwa. Inakaa muda, za aina ya maisha marefu ni mpaka kilomita 100,000, za kawaida za nikeli ukifika 20,000 hivi anza kuzichungulia.

Mdau wa Kibaigwa (IST)

Uzoefu wangu ni kwamba wakati mwingine plagi hazina kosa. Nikiwa natoka Morogoro kupandisha huku Gairo gari ikaanza kumisi, taa ya cheki injini inawaka inazima inawaka inazima. Ikiwa hivyo msikanyage mafuta, petroli ambayo haijaungua inaenda kuua katalisti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi). Nikaenda pole mpaka nyumbani. Kishine cha kusomea kwenye simu kikaleta kodi (namba ya kosa) P0303, yaani silinda ya tatu haichomi. Nikachomoa plagi ya tatu, iko vizuri tu, ila imelowa petroli. Basi nikahamisha koili ya tatu nikaiweka ya pili na ya pili nikaiweka ya tatu, nikafuta kodi nikawasha, ikaja P0302. Shida imehama na koili, nikanunua koili moja tu. Isingehama ningejua ni plagi au nozeli au vavu.

Mdau wa Nkuhungu

Nimerudi. Nimefungua leo asubuhi, plagi mbili nilizochomoa ncha kavu kahawia, oili iko juu tu kama kwa dada wa Kisasa. Kwa hiyo ni mipira ya tapeti kava. Swali, hiyo oili iliyojaa kwenye tundu nifanyeje isidondoke ndani nikichomoa? Mbili nimezichomoa zilikuwa na kidogo nikafuta, hizi nyingine zimejaa nimezilegeza kidogo tu, ncha zake bado sijaziona.

Mdau wa Kisasa (Vitz)

Sisi tulinyonya na bomba la sindano la duka la dawa tukaliwekea kampira karefu mbele, halafu kitambaa kwenye bisibisi ndefu mpaka kikawa kinatoka kikavu, plagi ikiwa bado imekazwa. Hizo ulizozilegeza zikaze kidogo kwanza ndo unyonye.

Mzee wa Kizota (fundi mstaafu)

Fuata hivyo alivyosema binti. Na yakidondoka matone machache si janga, utaona moshi wa buluu dakika chache utaisha. Ila usirudishe koili kwenye tundu lenye oili, na mpira wa koili ukiwa umelainika kama ugali ubadilishe.

Mleta mada, Ipagala (IST)

Mdau wa Nkuhungu, mimi soketi 16 na mpira wa kupulizia ninavyo, ukivihitaji nitumie ujumbe nikuletee kesho mchana napita hapo. Kuna kitu nimesahau kuandika juu: nilipofunga plagi mpya nilichomeka kipande cha mpira wa mafuta kwenye kichwa cha plagi nikawa nazungusha ule mpira kwa vidole. Plagi ikiingia upande mpira unateleza tu, haiwezi kuharibu nyuzi. Kisha ndo nikaleta soketi.

Wenye Kirikuu (zile gari ndogo za mizigo) bado hatujawasikia, na nyie injini iko chini ya siti, hebu semeni mnafungulia wapi na vumbi linafikaje huko.

Mdau wa Veyula (Kirikuu)

Nipo. Siti unainyanyua tu kuna ndoano, kava la bati linatoka na injini unaiona yote, plagi tatu. Vumbi linatoka chini kwa magurudumu na mi nabeba mchanga na mahindi kila siku kwa hiyo ni tope kavu sio vumbi. Mi napeleka kwanza kwa mtu wa pancha apulize na kompresa pale pale, narudi nyumbani naiacha ipoe mpaka jioni ndo nachomoa. Mara ya mwisho nilikuta mbili kahawia na ya katikati nyeusi ina oili kwenye ncha, na asubuhi inatoa moshi wa buluu kidogo ikiwaka halafu unakata. Mzee, hiyo ni vavu sili au ringi?

Mzee wa Kizota (fundi mstaafu)

Moshi wa asubuhi unaokata ukishatembea, mara nyingi ni vavu sili, oili inachuruzika usiku gari ikiwa imelala. Ringi ingekutolea moshi ukiwa unapandisha na mzigo. Kabla hujafungua kichwa pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote tatu, kisha tia oili kijiko kimoja kwenye hiyo ya katikati upime tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipobadilika, ringi ziache, nunua sili.