Binti ana miaka 6, kamba za viatu bado zinamshinda, nimfundisheje?

MamaKaya
Habarini wazazi wenzangu, naombeni msaada. Binti yangu fundo la kwanza anafunga vizuri tu, kitanzi cha kwanza anatengeneza, ila akianza kuzungusha ile kamba ya pili kitanzi kinamponyoka vidoleni anabaki na kamba mbili zinaning'inia, halafu analia. Wiki ya pili sasa kila asubuhi kabla ya shule tunahangaika na mwisho namfungia mwenyewe maana tunachelewa. Na hata siku akifanikiwa, akitembea kidogo tu zishafunguka. Ni umri au mimi ndo simfundishi vizuri? Anatumia mkono wa kushoto, sijui kama hilo nalo linachangia.

TichaWaAwali
Mama wala usijilaumu, watoto wengi wanaiweza kati ya miaka 5 na 7, hajachelewa. Kazi yenyewe ni ngumu kwa vidole vidogo, mkono mmoja unatakiwa ushike bila kuachia huku mwingine unazunguka. Ila asubuhi acha kabisa, mfunge muende, mfundishe jioni mmetulia.

Halafu anzia mwisho. Ukianza mwanzo anakwamia palepale kila siku na hajui raha ya kumaliza. Funga wewe hatua zote, mwachie kuvuta tu yale masikio mawili, yaani vile vitanzi, mpaka yakaze. Akizoea, mwachie na kupitisha kitanzi kwenye kile kinafasi chini ya kidole gumba, unarudi nyuma hivyo hivyo hatua moja moja, kila mara anayemaliza ni yeye. Kiatu asivae kwanza, akipakate mapajani kisigino kikiwa upande wa tumbo lake, hapo anaona kama vile kiko mguuni. Na kama unaweza kamba moja ipake rangi nusu, unamwambia "nyekundu inapita chini" anaelewa haraka kuliko "hii, hapana, hiyo nyingine".

BabaMashoto
Dada hilo la mkono linachangia sana. Mimi ni mashoto na nilifundishwa na mtu wa kulia aliyekaa pembeni yangu, kila kitu kilikuwa kinyume nikajiona mjinga. Kama wewe unatumia kulia kaa mtazamane uso kwa uso, akuige kama anajiangalia kwenye kioo. Na jaribu masikio ya sungura, vitanzi viwili, vikatize, kimoja kipite chini ya mwenzake kitokee upande wa pili, vuta. Hakuna kuzungusha kwa hiyo hakuna kuponyoka.

FundiViatu
Kwenye kufunguka, angalia masikio yamekaaje akishafunga. Yakilala kulia na kushoto ya kiatu, sawa. Yakigeuka moja likaelekea vidoleni na lingine juu kwenye kifundo cha mguu, ujue mafundo yote mawili yamepita upande mmoja, hilo halikai hata ukaze vipi. Dawa ni kugeuza lile fundo la kwanza tu, kama alipitisha kushoto juu ya kulia sasa apitishe kulia juu ya kushoto, mengine abaki nayo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walichunguza hili wakaona kishindo cha mguu kinalegeza fundo halafu ncha zinazorukaruka zinavuta kamba mpaka inaachia, na fundo hilo la upande mmoja ndo linawahi. Kamba zenyewe pia, zile za duara zinateleza, mtafutie bapa za pamba.

MamaKaya
Asanteni sana jamani. Nimeenda kuangalia viatu alivyovua jana, kweli sikio moja linaangalia mbele lingine nyuma! Kumbe hata vyangu viko hivyo hivyo, nilikuwa namrithisha kosa langu. Jioni hii tumekaa tunatazamana nikafunga mimi akavuta yeye, hakulia, amefungua tena akaniletea "mama funga nivute". Tumerudia mpaka usingizi umemchukua, kiatu kiko mkononi.