Maneno ya filamu hayasikiki, besi inavuma

Rukia: Jamani wanangu nisaidieni. Hii mitambo mipya ya sebuleni imeshafungwa, spika tano na sabufa ile spika ya besi, lkn tukiangalia filamu maneno hatuyapati kabisa, watu wakiongea naongeza sauti, kikija kishindo nyumba nzima inatetemeka naanza kutafuta rimoti. Hizi spika mbovu au?

Seif: Mama spika nzima kabisa. Mi nimesogeza sikio karibu zinatoa safi, ukirudi kwenye kochi ndo inakorogeka

Salehe: Rukia rudisha hizo uchukue kubwa zaidi. Sebule ile inataka spika zenye nguvu

Hamisi: Shikamoo shangazi, shikamoo baba mkubwa. Naomba msinunue wala kurudisha chochote kwanza. Shangazi hebu simama katikati ya sebule, piga kofi moja kali halafu nyamaza usikilize linavyoisha

Rukia: Marahaba baba. Nimepiga, linalia zziiing hivi kama linatetemeka ndo linapotea

Salehe: Marahaba

Hamisi: Basi hapo ndo penye ugonjwa, ni chumba. Hilo zing ni sauti inayorushiana kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kuta zako za pembeni zimeachana mita 3 na nusu, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 7, yaani ndani ya sekunde moja inaweza kuzunguka mara 49. Sasa filamu ikiongea, sikio lako linapata sauti ya spika, na nyuma yake kidogo tu linapata ile ile iliyogonga ukuta wa kulia, wa kushoto, sakafu, dari, kioo cha dirisha. Zikichelewa chini ya kama milisekunde 30 ubongo hauzisikii km mwangwi, unaziunganisha zote unaona ni sauti moja, ila imepoteza ukali. Na zile zinazobaki hewani muda mrefu zinafunika silabi inayofuata. Zinazoumia kwanza ni herufi kama s, t, f, k, na hizo ndo zinatofautisha neno na neno. Ndo maana ukiongeza sauti haisaidii, unaongeza na marudio yake

Nuru: Ah kumbe! Mi nilidhani wanaongea kwa kunong'ona makusudi

Hamisi: Hata hilo lipo dada, filamu zinachanganywa kwa ajili ya ukumbi wa sinema, tofauti ya sauti ndogo na kubwa ni kubwa mno kwa nyumbani. Ila hilo lina dawa yake kwenye resiva, ile mashine inayoendesha spika zote, ntalifikia

Salehe: Sasa Hamisi chumba kina kosa gani, si kuta tu hizo kila nyumba inazo

Hamisi: Baba mkubwa hii habari ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kule Marekani walikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara kwenye jumba la makumbusho la Fogg, profesa akiongea hawamwelewi. Wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Akawa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, usiku kukiwa kimya anapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kuisha. Ukumbi ukiwa mtupu ilikuwa inazidi sekunde 5. Kila akiongeza mito muda unapungua, na hapo ndo akapata kanuni inayotumika mpaka leo, kwamba muda wa sauti kubaki chumbani unategemea ukubwa wa chumba na vitu vinavyoinyonya. Hakumwambia profesa apige kelele. Mi kila nikiona mtu anabadilisha spika chumba kikiwa vigae vitupu roho inaniuma kweli

Rukia: Sebule yangu vigae, kuta za plasta, na dirisha lile kubwa. Pazia nilitoa

Hamisi: Lirudishe shangazi, zito, lenye mikunjo mingi, upana mara 2 ya dirisha, na liache nafasi kidogo na kioo lisikibane. Na zulia nene kati ya TV na kochi

Salehe: Nimeona mahali wanabandika trei za mayai ukutani, rahisi na zinazuia kelele zote. Nawatumia picha

Hamisi: Baba mkubwa naomba hilo tuliache kabisa. Lile ni karatasi jepesi, linagusa kidogo tu sauti za juu, na moto ukitokea linawaka haraka. Sponji nyembamba za ukutani nazo vivyo hivyo, tofauti ni bei. Angalia ukubwa wa wimbi lenyewe: sauti ya Hz 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, wimbi lake ni sentimita 34, ya Hz 100 ni mita 3.4, ya Hz 50 inakaribia mita 7. Sasa sponji ya sentimita 2 itaifanya nini wimbi la mita 7? Linapita kama halijaona kitu. Matokeo yake mtu anafunika kuta zote, sauti za juu zinakufa, chumba kinakuwa kizito masikioni, na besi iko pale pale inavuma, tena sasa inasikika zaidi kwa sababu imebaki peke yake

Seif: Kaka Hamisi sasa hiyo besi ndo inanikera mimi. Kwenye muziki kuna noti moja ya besi inalipuka, noti ya pembeni yake haipo kabisa

Hamisi: Seif umeisikia vizuri sana hiyo. Nipe vipimo vya chumba na uniambie kochi na sabufa ziko wapi

Seif: Urefu mita 5, upana 3 na nusu, juu 2.8. Kochi limebanwa na ukuta wa nyuma, sabufa kwenye kona

Hamisi: Haya. Kila umbali kati ya kuta mbili una sauti yake inayoipenda, chukua 343 gawanya kwa umbali mara 2. Urefu wako unapata kama Hz 34, upana Hz 49, kimo Hz 61, halafu na zile zinazozidisha hizo, 68, 98 na kuendelea. Noti ikiangukia hapo chumba kinaidaka na kuishikilia. Na mgandamizo wa besi unakuwa mkubwa kuliko kote pale ukutani, kwenye kona ndo mara dufu, alafu kwa yale mawimbi ya kwanza katikati ya chumba panakuwa shimo, besi inapotea. Sasa nyie sabufa iko kona, inaamsha yote kwa pamoja, na masikio yenu yako ukutani yanakusanya yote kwa pamoja. Hata uweke spika za aina gani hapo besi itavuma tu

Rukia: Kwa hiyo kochi nilivute? Watu watapita wapi

Hamisi: Mahali pa kuanzia pazuri ni kama asilimia 38 ya urefu wa chumba toka ukuta mmoja, kwako inakuja kama mita 1.9. Unaweza ukahesabu kutoka ukuta wa nyuma pia. Najua ni sebule ya watu siyo studio, basi vuta hata sentimita 60 hivi, usiligandishe ukutani. Utashangaa shangazi, na hii ni bure kabisa

Seif: Tumelivuta mimi na dada. Mama kaa usikilize

Rukia: Heh. Imepungua ule uzito. Kweli kabisa

Hamisi: Bado sabufa. Seif ibebe uiweke juu ya kochi, pale pale mama anapokaa, weka muziki wenye besi inayotembea noti nyingi. Halafu wewe shuka chini, tambaa pembeni mwa kuta kichwa kikiwa usawa ambao sabufa itakaa chini, usiende haraka. Usitafute panapopiga sana, tafuta panaposikika kila noti sawasawa. Hapo ndo nyumba ya sabufa

Seif: Kona zote mbili za mbele noti moja inameza zingine. Pazuri ni ukuta wa mbele, kulia kwa kabati la TV, kama robo ya upana hivi

Hamisi: Safi sana. Ihamishie hapo. Kwenye resiva weka mpaka wa sabufa na spika Hz 80 halafu teremsha sauti yake mpaka usiweze kunyooshea kidole kwamba besi inatoka pale

Nuru: Mi nauliza la kwangu, mwanangu analala chumba cha nyuma ya ukuta huo huo. Hayo mazulia na mapazia yatazuia sauti isije kwetu?

Hamisi: Hapana dada, na nataka nikwambie mapema usije ukaingia gharama. Kunyonya sauti ndani ya chumba na kuizuia isitoke ni kazi mbili mbali mbali. Kitu laini kinapitisha hewa ndo maana kinanyonya, kuzuia kunataka uzito na kuziba nyufa. Anza na mlango, ule mwanya wa chini na pembeni weka mpira wa kuzibia, hewa inapopita na sauti inapita. Besi yenyewe inapitia kwenye sakafu na kuta, hapo dawa ni kuiteremsha usiku, na sabufa iwekewe kitu chenye mnepo chini isiguse sakafu moja kwa moja. Resiva nyingi zina modi ya usiku, iwashe, inabana vishindo na kuinua minong'ono. Hilo linamsaidia na shangazi pia

Rukia: Na yale maneno sasa? Besi nimeelewa

Hamisi: Spika ya kati iko wapi?

Seif: Ndani ya kabati chini ya TV, imesukumwa nyuma kabisa

Hamisi: Aah itoe hiyo! Maneno karibu yote ya filamu yanatoka kwenye hiyo moja, na lile kasha la kabati linavuma nayo. Ilete mpaka ukingoni, uso wake uchungulie nje kidogo, inyanyue kwa mbele itazame masikio ya mama siyo magoti yake. Halafu iongeze desibeli 2 au 3 kwenye resiva

Rukia: Jamani!! Mtu anaongea kama yuko hapa. Nasikia mpaka anavyovuta pumzi. Hamisi Mungu akubariki mwanangu

Hamisi: Amina shangazi. Bado kuta za pembeni. Kaa pako, Seif apitishe kioo ukutani usawa wa macho yako, popote utakapoiona spika ya mbele ndani ya kioo, hapo sauti inagonga na kuja kwako. Tia alama. Hapo ndo panapotaka paneli ya kunyonya sauti, siyo ukuta mzima

Salehe: Nimeona paneli zimeandikwa NRC 1.0, si ndo zinanyonya zote hizo?

Hamisi: NRC ni namba ya unyonyaji wa sauti, wastani wa vipimo vinne tu baba mkubwa, Hz 250, 500, 1000 na 2000. Besi inayomkera Seif, kama ile ya Hz 49 ya upana wa chumba, haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Angalia unene. Paneli ya pamba ya mawe sentimita 10, ikaachiwa nafasi ya sentimita 10 nyuma yake, itafika chini zaidi kuliko kuibandika ukutani moja kwa moja

Salehe: Na ile resiva inayojipima yenyewe na kimaiki chake haitoshi?

Hamisi: Inasaidia, iendesheni baada ya kupanga vitu. Inaweza kushusha noti iliyovimba. Ile iliyopotea shimoni haiwezi, ukiisukuma na mwangwi wake unasukumika zinafutana vilevile, unachosha sabufa bure. Akitaka kuona kwa macho Seif apakue REW, ni programu ya bure ya kupima sauti ya chumba, atafute na maiki ya kupimia

Rukia: Paneli zenyewe sitaki zinifanye sebule kama stoo

Hamisi: Unachagua kitambaa upendacho shangazi, sharti moja, weka mdomoni upulize, pumzi ikipita kinafaa. Na kabati la vitabu lihamie ukuta wa nyuma, vitabu vilivyopishana kina vinaitawanya sauti. Usijaze kila mahali, chumba kama chako sauti ikiisha ndani ya sekunde 0.3 mpaka 0.5 panapendeza, chini ya hapo hata mazungumzo ya kawaida yanachosha

Rukia: Vipimo vya fremu nimpe fundi

Hamisi: Sentimita 120 kwa 60, kina 10, nne. Mbili kwenye alama za kioo, mbili kona za mbele zikae mshazari toka sakafuni. Pamba ikatwe nje, avae glavu na barakoa, na ifungwe vizuri isitoe vumbi mtoto yupo

Nuru: Hapo pa mtoto ndo nilikuwa nataka kuuliza, asante. Mpira wa mlango naagiza leo

Rukia: Nimeshamtumia fundi