Mrejesho: mabaka ya kamuflaji kwenye modeli yangu ya Panther, kifaru cha vita cha Wajerumani

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini rangi ya akriliki inakaukia kwenye ncha ya sindano ya eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa upepo) na kutema vidoa kwenye modeli hii ya kipimo cha 1/35. Mliosema thina na upepo mmepatia. Sasa naweka rangi ya kampuni ya Tamiya sehemu moja, thina yao ya X-20A mbili, mgandamizo wa upepo psi 15, matone machache ya ritada (ya kuchelewesha rangi kukauka), na ncha naifuta kwa pamba kila ikianza kuganda.

Juu ya ile njano iliyokoza ya Wajerumani ya 1943 nimepuliza kijani na kahawia nyekundu kwa karibu, kama sentimita 2. Kingo zimefifia safi, hasa kwenye mnara wa mzinga! Aliyeshauri maji ya bomba badala ya thina, hapana mkuu. Yanajikusanya kama jasho. Imebaki kupaka minyororo ya kutembelea na matope.