Mtutu wa inchi 20, 22 au 26 kwa bunduki moja ya shabaha na mawindo?

Dagaa wa Igoma

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naandika kutoka Igoma, Mwanza. Kibali changu cha kumiliki bunduki kimetoka, na kaliba nimeshaamua: .308 Winchester, ya bolti, yaani ile unayoipakia risasi kwa mkono kila unapopiga. Kinachoninyima usingizi ni urefu wa mtutu. Dukani zipo mbili, ya inchi 20 na ya inchi 26. Ya inchi 22 wanaweza kuniagizia, ila nitasubiri miezi.

Kazi zangu ni mbili. Ya kwanza ni shabaha. Tuko sita, na mara moja kwa mwezi tunaruhusiwa kupiga kwenye uwanja ulio nje ya mji, mita 100 hadi 300, tukiwa tumelala na mfuko wa mchanga. Ya pili ni mawindo. Msimu ukifunguliwa naongozana na mjomba wangu, kwa leseni, kwenye miombo ya upande wa Tabora. Mwaka jana nilikwenda kubeba maji tu, lakini nilihesabu. Swala pala karibu wote walisimama mita 60 mpaka 100. Mmoja tu alikuwa ng'ambo ya mbuga, kama mita 200.

Mwenzetu mmoja kwenye kikundi anasema mtutu mrefu ndio unaopiga panapotakiwa, mfupi ni wa askari wa mjini. Mjomba anasema nisithubutu kumpelekea mtutu mrefu porini. Pesa hii nimeidunduliza miaka minne kwa biashara ya dagaa, sitanunua mara mbili. Naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Mzee wa Bwiru

Marahaba mwanawane. Nilikuwa askari wa wanyamapori miaka 27, sasa nimestaafu, niko Bwiru na mbuzi wangu. Nakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Mwenzako amechanganya mambo mawili. Urefu hauupi mtutu shabaha. Zamani tulipolenga kwa vyuma vya juu ya mtutu, urefu ulisaidia, kwa sababu chuma cha mbele kikikaa mbali na cha nyuma, kosa dogo la kulenga unaliona mapema. Wewe utafunga darubini, kwa hiyo faida hiyo hunayo. Urefu unachokuongezea ni mwendo tu: gesi ya baruti inapata nafasi zaidi ya kuisukuma risasi. Kwa .308, kila inchi unayopunguza inakula mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Toka inchi 26 hadi 22 umepoteza kama mita 30 kwa sekunde, kwenye risasi inayotoka na mita 800 hivi.

Sasa ziweke hizo mita 30 kwenye uwanja wenu. Ukiwa umeweka darubini sawa kwa mita 100, ukienda mita 300 risasi ya mtutu mfupi itashuka kama sentimita 5 zaidi ya ile ya mtutu mrefu. Hizo unazirekebisha kwa kuzungusha kitufe cha darubini, na kila siku ni zilezile. Upepo ndio hauna kitufe. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi yako karibu sentimita 20 kwa umbali huohuo, na wewe unajua upepo wa ziwa unavyoamka mchana hapa Mwanza. Duara la alama 10 kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 300 lina kipenyo cha milimita 100. Pigeni asubuhi kabla ya saa nne, mtafaidika kuliko kununua inchi nne za chuma.

Kwa mnyama nako hivyohivyo. Kwa mtutu wa inchi 22, risasi ya greni 165 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) ikifika mita 300 bado ina karibu mita 600 kwa sekunde, na risasi nyingi za mawindo hapo zinafunguka vizuri. Na kwa miombo ulivyoieleza, mita 300 hutaiona.

Jambo watu wanalolisahau ni ugumu wa mtutu. Mtutu ukipigwa unatetemeka kama fimbo ya mianzi. Unene ukibaki uleule, mtutu wa inchi 22 unapinda karibu asilimia 60 tu ya unavyopinda wa inchi 26. Kwa hiyo ukitaka shabaha, uzito wako uweke kwenye unene, si kwenye urefu. Usichukue ule mnene kabisa wa mashindano, utakuchosha porini kabla ya saa tano. Wala usichukue mwembamba kama kalamu. Huo ukipiga risasi nne tano mfululizo unapata moto na risasi zinaanza kuhama. Chukua wa kati. Uliza pia mifereji ya ndani inazunguka vipi: mzunguko mmoja kwa inchi 10 unazishika vizuri risasi za greni 150 hadi 180.

Na kwa nini nakukataza huo wa 26. Miaka ya tisini nilikabidhiwa bunduki ya kaliba ya .30-06 yenye mtutu mrefu hivyo. Siku moja tulifuata kongoni aliyejeruhiwa na mgeni jioni ya jana yake. Tulifuata damu toka alfajiri, matone makavu kwenye majani ya mninga, mpaka kichaka kimoja kizito. Nikamwona, mita 25, amesimama kichwa chini. Nikainua bunduki, mtutu ukagonga tawi kavu, ko! Akaruka. Tulimpata kesho yake mchana, fisi walishamaliza upande mmoja. Yule mnyama aliteseka siku nzima zaidi kwa sababu ya inchi chache za chuma, na bunduki ilikuwa mkononi mwangu. Mpaka leo naisikia ile ko.

Subiri ya 22. Ukishindwa kusubiri, chukua ya 20.

Mama Kirumba

Shikamoo mzee. Kaka wa Igoma, nami napiga shabaha na nina .308 ya inchi 20. Shabaha yake sina malalamiko, lakini mlipuko wake ni mkali, maana mdomo wa mtutu uko karibu na uso, na moto mwingi wa baruti unawakia nje. Wenzangu wanaolala kulia kwangu wananilalamikia. Mimi mwenyewe miezi ya kwanza nilikuwa nafumba jicho kabla ya kuvuta, na hilo liliharibu shabaha yangu kuliko upepo. Kama hutaki kusubiri, nunua vizuia sauti vizuri vya masikioni, na porini pia uvivae.

Kitu kingine: uishike dukani ukiwa umesimama, mkono wa kushoto chini ya kitako cha mbele, uhesabu mpaka thelathini. Ikianza kuinamisha pua, ni ndefu kwako.

Fundi wa Sengerema

Mtutu wa 26 una mahali pake. Kama angekuwa na .300 Winchester Magnum ningemwambia asishuke chini ya 24, kwa sababu ganda lile lina baruti nyingi inayowaka polepole, na kwenye mtutu mfupi unaimwaga hewani. .308 haina tatizo hilo. Lakini kwa nini asichukue hiyo ya 26 iliyopo, ikakatwa inchi nne?

Mzee wa Bwiru

Fundi, kukata ni rahisi, ila mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho inayoigusa risasi. Ukiwa na kovu upande mmoja, gesi inatoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni na mashine ya kuchonga, na polisi walioisajili bunduki wajue kabla haijaguswa. Wala huo mdomo hauharibiwi na msumeno peke yake. Nimeona bunduki nzuri ikianza kutawanya risasi kwa sababu mwenyewe aliisafisha miaka kwa fimbo ya chuma akiingizia mbele, mpaka mdomo ukalika. Safisheni kutokea nyuma. Na sisi wa kando ya ziwa tupake mafuta kila tunaporudi, unyevu huu hausubiri wiki.

Dagaa wa Igoma

Wabeja sana mzee, na asante dada wa Kirumba. Leo nilikwenda dukani nikaishika ya 26 nikiwa nimesimama. Nilifika kumi na nane, pua ikaanza kushuka. Nimelipa amana ya inchi 22, mtutu wa unene wa kati, mzunguko mmoja kwa inchi 10. Wamesema miezi mitatu. Mzee, ikifika naomba nije Bwiru unionyeshe kusafisha kutokea nyuma.

Mzee wa Bwiru

Njoo Jumamosi hii hii, usisubiri ifike. Tutaanza na ya kwangu.