Akina mama wanalijua somo la lishe, mbona watoto wanaendelea kudumaa?

Swali: Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Njombe

Ndugu zangu, habari za kazi. Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe, na kazi yangu kubwa ni kuwaelimisha wajawazito na akina mama wenye watoto wa chini ya miaka miwili kuhusu ulishaji. Kila robo mwaka, tunapofanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, hubandika picha za makundi ya vyakula kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji, nikaeleza habari za siku 1,000, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, kisha nikauliza maswali. Najibiwa vizuri mno. Karibu kila mama anajua kwamba mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kwamba baada ya hapo huanzishiwa chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, na kwamba uji mtupu haumtoshi.

Kinachoninyima usingizi ni ninayoyakuta majumbani. Mwezi uliopita nilimtembelea mama ambaye darasani huwashinda wenzake wote kwa majibu. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mwenyewe alikuwa kibaruani kwenye shamba la viazi, na mtoto wake wa miezi kumi na mmoja alikuwa mgongoni kwa dada yake mwenye umri wa miaka minane. Kwenye chupa ya chai palikuwa na uji wa sembe uliopikwa alfajiri, mwepesi kiasi kwamba yule binti alipoumimina ulishuka kama maji. Uani walikuwapo kuku wanaotaga, nyuma ya nyumba palikuwa na mboga za kutosha, na kando ya kitanda lilisimama gunia la maharage. Nilipouliza habari za mayai, binti alinijibu bila kusita: "Hayo ni ya mnada."

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania umeshuka hadi asilimia 30, kutoka asilimia 34 ya mwaka 2015/16. Lakini Iringa ilikuwa na asilimia 57, huku Njombe na Rukwa zikiwa na takriban asilimia 50 kila mmoja, na hii ndiyo mikoa inayolisha sehemu kubwa ya nchi. Naomba kuuliza wenye uzoefu: ninakosea wapi? Niongeze vipindi vya darasa, nibadilishe somo, au kuna mtu mwingine ninayepaswa kumfundisha ambaye mpaka leo sijamfikia?

Jibu: Afisa lishe mstaafu, Iringa

Mwanangu, pole na kazi, na hongera kwa kwenda kuangalia ndani ya chupa ya chai, maana wengi wetu huishia kwenye mahudhurio ya darasa.

Nilianza kazi nikiwa kijana wakati wa mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa serikali na mashirika ya WHO na UNICEF, kwa fedha zilizotoka Italia. Wakati huo Njombe ilikuwa bado wilaya ndani ya mkoa wa Iringa. Hatukuanza na somo. Tulianza na mzani. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, mbele ya wazazi na viongozi, kisha matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji: ni watoto wangapi wako chini ya mstari, kwa nini, na sisi wenyewe tutafanya nini kabla ya kupima tena. Swali la "kwa nini" ndilo lililokuwa shule. Nakumbuka kitongoji kimoja ambacho wazee walipanga kadi za watoto juu ya meza, wakagundua kwamba karibu kadi zote zilizoshuka zilishuka katika miezi ya palizi. Hakuna aliyewafundisha hilo. Walikubaliana hapo hapo kwamba mama mwenye mtoto anayenyonya asiitwe kwenye msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, na kwamba watoto watunzwe na kulishwa pamoja mchana. Utapiamlo mkali ulipungua kweli katika vijiji vya mpango ule, na naamini ulipungua kwa sababu tatizo lilitolewa kwenye kichwa cha mama peke yake, likawekwa mezani kwa kijiji kizima.

Sasa mtazame tena yule mama uliyemtembelea. Hajakosa elimu. Amekosa saa mbili za kukaa na mtoto asubuhi, na amekosa kauli juu ya yai linalotagwa uani kwake. Ukimwongezea kipindi kingine cha darasa, utakuwa umemchukulia asubuhi nyingine.

Kuna jambo jingine ninalokusihi sana. Mzani peke yake hauonyeshi udumavu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu na mwenye uzito unaoridhisha machoni pa watu, ilhali urefu wake uko nyuma sana ya umri wake. Katika kijiji ambacho nusu ya watoto wamedumaa, mtoto mfupi haonekani mfupi, anaonekana kama wenzake, na bibi atakuambia kwamba huo ndio ukoo wao. Viwango vya ukuaji ambavyo WHO ilivitoa mwaka 2006 vilitokana na kufuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, ikaonekana kwamba watoto wadogo walionyonyeshwa na kulishwa ipasavyo, katika mazingira mazuri, wanakua kwa urefu unaokaribiana sana popote walipozaliwa. Kwa hiyo azima ubao wa kupimia urefu kwenye zahanati, mlaze mtoto juu yake mbele ya baba yake, mwonyeshe kwa kidole mahali ambapo unyayo ulitakiwa kufika. Nimewaona wanaume wazima wakinyamaza kabisa kwa pengo la sentimita sita.

Kuhusu nani wa kufundisha, jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Anayemlisha mtoto yule mchana ni binti wa miaka minane, anayeamua juu ya mayai ni baba, na bila shaka yupo bibi mwenye neno la mwisho kuhusu lini mtoto aanze kula nini. Wote hao hawaji kwenye darasa lako kwa sababu limeitwa darasa la akina mama.

Jibu: Mama wa watoto watatu, Mufindi

Dada, nakushukuru kwa kuuliza bila kutulaumu, kwa sababu tumezoea kusemwa kwamba tunauza mayai ili tununue soda. Yai tunaliuza kwa sababu daftari, sabuni na chumvi havinunuliwi kwa maharage. Mimi mwenyewe nilikuwa najibu maswali yote kliniki, na mtoto wangu wa pili alidumaa.

Kwa mtoto wa tatu mambo mawili yalibadilika. La kwanza, kikundi chetu cha kikoba, tukiwa wanawake kumi na wawili, tulikubaliana kwamba msimu wa kupanda na wa palizi wawili wabaki kwa zamu na watoto wote, wapike sufuria moja, na kila mmoja wetu alete alichonacho: huyu maharage, huyu karanga, huyu kabichi. Anayebaki hapotezi kitu, kwa sababu wengine wanamlimia kipande chake. La pili, muuguzi alimwita mume wangu ndani wakati wa kupima mtoto, asimwache amesimama nje ya mlango kama ilivyo desturi. Tangu siku ile kuku mmoja ni wa mtoto. Anachotaga hakihesabiwi kwenye trei. Kilikuwa kitu kidogo, lakini nisingeweza kukiamua peke yangu.

Naomba pia uzungumze na mabibi kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Msimu wa mvua ukifika, mtoto anayelia huonjeshwa ule mtamu wa asubuhi ili alale, na mama akirudi shambani anamkuta ametulia, anadhani ameshiba.

Jibu: Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, Sumbawanga

Naungana na waliotangulia, ila nisingependa tuache suala la uji wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mtoto anapoibiwa bila mtu kukusudia. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo nane hujaa kwa kikombe kimoja cha kawaida. Ikiwa kikombe hicho kimejaa maji yenye unga kidogo, atakataa kuendelea kunywa kwa sababu kweli ameshiba, na bado atakuwa na njaa ya mwili. Mfundishe yule binti kipimo cha kijiko: uji unaofaa hubaki kwenye kijiko na kushuka polepole ukikiinamisha.

Mama akilalamika kwamba uji mzito humkaba mtoto, mrudishe kwenye kimea, ambacho mabibi zetu wanakijua kwa sababu ya togwa. Osha ulezi, uloweke usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha usage. Uji mzito ukishaiva, uepue upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga, na baada ya dakika chache utaona ukilegea wenyewe bila kuongezwa tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Nashauri ulezi kuliko mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu na ni lazima yaondolewe yote.

Halafu kuna huu "unga wa lishe" wa kuchanganya mahindi, mchele, ngano, soya, karanga na chochote kilichopo mashineni. Siupendi. Nafaka tatu ndani ya mfuko mmoja ni kundi lile lile la chakula, soya isiyochemshwa vizuri kabla ya kukaushwa humsumbua mtoto tumboni, na karanga zikisagwa pamoja na unga huchacha mapema. Baya zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ambayo hupenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mama na achague nafaka moja iliyokauka vizuri, apepete na kutupa punje zenye ukungu au zilizovunjika, kisha karanga azikaange na kuzisaga siku ile ile ya kupika. Dagaa wa kwetu Tanganyika, na usipa kwenu upande wa Ludewa, wakisagwa wazima na kuchekechwa wanaingia kwenye uji au kwenye maharage yaliyopondwa bila mtoto kukataa.

Kuhusu mara ngapi: miezi sita hadi minane ni milo miwili hadi mitatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa ni mitatu hadi minne, pamoja na kitu kidogo katikati, kwa mfano parachichi, ambalo huko Njombe linaoza chini ya mti.

Jibu: Mlezi wa kituo cha watoto wadogo, Morogoro

Naongeza moja tu. Mtoto anayelishwa kimyakimya mgongoni mwa dada yake anapoteza nusu ya mlo. Kule Jamaika, watafiti waliwafuatilia watoto waliodumaa jijini Kingston kwa miaka miwili. Wengine walipewa chakula cha ziada, wengine mama zao walifundishwa kucheza na kuzungumza nao, wengine wakapata vyote viwili, na waliopata vyote ndio waliosonga mbele zaidi kiakili katika miaka ile. Unapomfundisha binti kuponda maharage, mfundishe pia amkalishe mdogo wake mbele yake, amtazame usoni, ataje jina la kila anachomlisha, na amsubiri atafune. Haya hayagharimu senti, na binti wa miaka minane huyafanya kwa furaha kuliko mtu mzima aliyechoka.

Muuliza swali

Shikamoo Mzee, na asanteni sana nyote. Nimesoma majibu haya mara tatu. Zahanati imekubali kuniazima ubao wa urefu kwa Siku ya Afya na Lishe ijayo, na mtendaji ameahidi kuwaita akina baba kwa barua, badala ya kuwaachia wake zao wawaambie.

Jana jioni nilirudi kwa yule mama na kibakuli cha ulezi uliochipua. Tulipika pamoja kwenye mafiga yake, binti akiwa ndiye mkorogaji. Uji ulipolegea alipiga kelele kwa mshangao, na mtoto alimaliza bakuli. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni muda wote, hakusema neno. Mnada ni keshokutwa. Nitapita kwake alfajiri, kabla hajafunga trei kwenye baiskeli, nizungumze naye habari za kuku mmoja.