Yule jamaa wa "mzungu anarudi kwao" leo kaniambia tatizo ni vidole vyangu

Solo ya Mwisho
Wakuu, nimeshuka kwenye daladala sasa hivi, hata viatu sijavua. Gitaa liko hapo kitandani limelala chali kama mgonjwa, na nisipoandika hapa nitapasuka.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kama umewahi kutafuta gitaa la mtumba hapa Dar, au waya tu, au hata zile funguo za kukazia nyuzi, kwake umepita. Yule ambaye kila gitaa alilonalo ni la mzungu anayerudi kwao. Mwaka wa sita huu namjua, wazungu wanarudi tu. Kwa hesabu yake Ulaya sasa hivi watu wanalala wamesimama.

Alhamisi akanipigia. "Kaka, Strato. Fender halisi, mwaka 51. Mzungu anaondoka Jumapili." Sasa mnielewe, mimi si mtoto. Nimepiga solo miaka 11, nimepiga harusi, kipaimara, baa, mpaka uzinduzi wa kisima nimepiga. Najua Stratocaster, hiyo Strato yenyewe, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, ilianza kuuzwa 1954. NAJUA. Hiyo ya 51 labda ilikuwa bado mimba. Lakini gitaa likishakaa mkononi, rangi ile ya krimu, limechubuka vizuri pale kiwiko kinapolalia, akili inaomba ruhusa inatoka nje. Nikampa laki 4 na 80. Nusu mkononi, nusu kwa simu. Na ya kutolea. Wakuu, mtu nimesimama mbele yake, nasikia anavyopumua, ananiambia nitume NA YA KUTOLEA.

Nikafika nyumbani, nikachomeka kwenye amplifaya. Kimya. Nikatingisha waya, likalia kama mbuzi kabanwa na geti. Nikafungua pale kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea waya: waya haujachomewa risasi, umeviringishiwa selotepu. Swichi ya kuchagua pikapu, zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, imeshikiliwa na bigijii. Si mfano, bigijii kweli, ina alama ya jino. Skrubu za funguo za juu zimejaziwa vijiti vya kiberiti. Shingo imepinda, ukilaza gitaa mezani unaweza kupitisha kijiko katikati ya nyuzi na ubao. Na freti, vile vyuma vya kukatiza shingoni, kuanzia ya 12 mpaka ya 15 zote zinatoa sauti moja. Zimeungana kama 1964.

Haya. Yote hayo ningesamehe. Mtumba ni mtumba, ukinunua kiatu cha mnadani unategemea kuna mguu wa mtu ulipita.

Leo nimemrudishia. Nimeingia kwa adabu, nimesalimia wote. Walikuwepo watu kama tisa hivi: vijana wa kwaya, fundi spika, dada wa chipsi wa pale mlangoni, na binti mmoja kaja kuulizia ukulele. Nikaeleza shida yangu taratibu. Jamaa hakujibu. Akachukua gitaa, akakaa juu ya kreti la soda, akapiga sebene.

Sebene SAFI. Mpaka fundi spika akaanza kutingisha bega. Lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wa kushoto: freti ya 5 mpaka ya 9, hatoki hapo, kama mbuzi wa kamba. Kumbe anajua kabisa malisho yako wapi! Akamaliza, akalipangusa na tisheti yake, akanikabidhi kama ananipa cheti, akasema:

"Gitaa zima hili. Tatizo vidole."

Watu wakacheka. Dada wa chipsi akacheka mpaka akaacha mayai yaungue. Huyo dada nakula kwake kila siku.

Tatizo vidole. Mimi. Miaka 11. Tatizo vidole.

Nipeni ushauri kabla sijafanya kitu cha kuandikwa kwenye magazeti.

Besi Nzito
Hahahaha "Zimeungana kama 1964." Pole mkuu. Mimi huyohuyo aliniuzia besi ya mzungu anayerudi kwao, nikakuta ndani ya begi kuna risiti ya mkopo ya mtu wa Mbagala.

Mtoto wa Tandale
Mkuu, unajua Strato ilianza 54, ukanunua ya 51. Hapo tatizo si vidole kweli, tatizo liko juu zaidi.

Solo ya Mwisho
@Mtoto wa Tandale nimesema akili ilitoka nje. Soma uzi vizuri.

Fundi Risasi
Tuwe wakweli kidogo. Mwaka 1951 Fender walitoa besi ya Precision, ile ya nyuzi 4. Kwa hiyo inawezekana jamaa hakukudanganya mwaka, amekuuzia besi akaiongezea nyuzi 2.

Geuza kichwa uangalie namba. Zikianza na herufi M mara nyingi ni za Mexico, kiwanda chao cha Ensenada kipo tangu 1987. Halafu piga kucha pale kwenye jina la Fender. Likibanduka kama stika ya daftari, umeshajua.

Shingo isikutie hofu. Hizo zimefungwa kwa skrubu 4 nyuma, na ndani kuna chuma kinachokazwa kwa ile spana ndogo ya L. Robo mzunguko, acha kesho, robo tena. Usikaze yote siku moja kama unafunga gurudumu la lori, utavunja chuma na hapo ndipo utakuwa na meza ya kuwekea chai. Lakini freti zilizolika hizo ni kupiga msasa au kubadilisha.

Solo ya Mwisho
Nimepiga kucha. F imetoka.

Imetoka nzima. Sasa gitaa langu ni "ender".

Besi Nzito
NIMEKUFA. Ender.

Kofia ya Pwani
Mzee wa Ender shikamoo.

Mama Kwaya
Wadogo zangu, nyinyi afadhali. Mimi kwaya yetu tulichangishana miezi minne tukanunua maiki kwa huyohuyo (simtaji, mnamjua), SM58 za Shure mbili, "zilikuwa za ubalozi". Nilivyoishika nikahisi kitu, nyepesi kama kifuu. Nikampelekea muuza nyama anipimie. Halisi bila waya inakaribia gramu 300. Yangu muuza nyama akasema, "Mama, hii hata mchuzi haitoi." Na ina swichi ya kuwasha na kuzima, wakati ile ya kawaida ya Shure haina swichi. Jumapili mwalimu wa kwaya akiimba inasikika kama anaimba akiwa ndani ya debe.

Solo ya Mwisho
Pole dada. Lakini wewe hajakwambia mbele ya watu tisa kwamba tatizo koo.

Mama Kwaya
Aliniambia tatizo ni sabufa ya kanisa.

Babu Rumba
Vijana mnanifurahisha. Enzi zetu nani alikuwa na gitaa lake? Vyombo vilikuwa vya bendi. NUTA Jazz inaanza 1964, magitaa, tarumbeta, ngoma, vyote mali ya chama cha wafanyakazi. Bendi za jeshi, za mashirika, hivyohivyo. Umekosana na uongozi, unahamia bendi nyingine, gitaa unaacha kwenye kiti, unaondoka na vidole tu. Na kule unakohamia wanakuchukua kwa vidole hivyohivyo. Kwa hiyo kijana asione kaambiwa jambo dogo.

Solo ya Mwisho
Mzee wangu, shikamoo. Kwa hiyo na wewe unamtetea?

Babu Rumba
Marahaba. Sijamtetea mtu. Nimesema vidole ndiyo mali. Vyako hatujavisikia.

Mtoto wa Tandale
Hapo kwenye koo! Mkuu rekodi dakika moja tu, weka hapa, tuamue nani mwenye tatizo.

Kofia ya Pwani
Weka sauti.

Besi Nzito
Weka sauti mkuu, usiogope, sisi ni ndugu.

Solo ya Mwisho
Haya nimeweka. Nimepigia humohumo chumbani, jirani ana msumeno msinihukumu. Sikilizeni kuanzia juu ya freti ya 12 muone uozo.

Fundi Risasi
Nimesikia. Freti ni mbovu, uko sahihi.

Mtoto wa Tandale
Nimesikiliza mara 3. Sekunde ya 14 uko freti ya 7. Freti ya 7 jamaa alipiga safi, umesema mwenyewe. Hiyo ya sekunde ya 14 ni ya nani?

Besi Nzito
Mmh.

Kofia ya Pwani
Mmh.

Babu Rumba
Kidole cha tatu kinachelewa. Si ugonjwa, ni uvivu.

Solo ya Mwisho
NILIKUWA NA HASIRA. Mtu katukanwa mbele ya dada wa chipsi anapigaje sebene? Mnajua njia nzima kwenye daladala nilikuwa naona mdomo wake tu? "Vi-do-le." Alivitenganisha kabisa, kama anasoma kwa watoto wa chekechea. Na lile gitaa anapangusa na tisheti ya Yanga!

Kofia ya Pwani
Tisheti ya Yanga imeingiaje hapa? Usituletee.

Mnyama wa Kigamboni
Imeingia kwa sababu ndiyo tabia yao.

Kofia ya Pwani
Ohoo, tumeanza.

Mwana wa Kilwa
Mimi kinachoniuma ni kingine kabisa. Mpingo unatoka kwetu. Wazungu wanatengenezea klarineti na zumari zao, wengine wanabandika kwenye shingo za magitaa ya bei mbaya. Mti unasimama pale kijijini miaka na miaka, unakatwa, unapanda meli. Sisi tunarudishiwa nini? Gitaa la mbao laini lenye vijiti vya kiberiti. Kiberiti chenyewe angalau labda cha hapahapa.

Mkenya wa Luthuli
Poleni sana majirani. Huku Nairobi hadithi ni hiyohiyo, ila hapa mzungu harudi kwao. Hapa ni "boss, hii ilikuwa ya kanisa". Kila spika mbovu mtaa wa Luthuli iliwahi kuokoka.

Mama Kwaya
Hata huku ya kanisa ipo. Tatizo ukinunua cha kanisa huwezi hata kumlaani muuzaji vizuri.

Kinanda Kimoja
Afadhali nyinyi vyombo vyenu vinalia vibaya. Changu hakilii. Nilinunua kinanda cha mtumba, Yamaha PSR, kwa mtu (si huyo wenu, mwingine, naye mnamjua, yule wa gari la bluu), hana adapta. Akaniambia, "Chukua yoyote, umeme ni umeme." Nikachukua ya kinanda cha Casio cha shemeji. Ikaingia vizuri kabisa, tundu sawasawa. Kuwasha, hola. Mpaka leo ni ubao wa kunyooshea nguo.

Fundi Risasi
Aaa! Hapo ndipo wengi mnapoua vinanda. PSR nyingi zinataka volti 12, na chanya iko KATIKATI ya kichomeo. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na hasi ndiyo iko katikati. Yaani umeingiza umeme kinyumenyume. Tazama pembeni ya tundu, kuna mchoro mdogo wa duara na alama ya + na -. Kabla hujakitupa nifungulie, mara nyingine inaungua dayodi ya kulinda tu au fyuzi, kitu cha buku 2.

Kinanda Kimoja
Weee! Mwaka mzima nanyooshea nguo, kumbe buku 2?

Mama Kwaya
Fundi, na sisi tuna PSR inazima ikifika pambio la pili. Inaweza kuwa adapta?

Fundi Risasi
Soma ampea zilizoandikwa kwenye adapta. Ikiwa ni ya nguvu ndogo kuliko kinanda kinavyotaka, ukiongeza sauti inaishiwa pumzi.

Mama Kwaya
Imeandikwa milliampea 500. Na ni ya king'amuzi.

Fundi Risasi
Ya king'amuzi, dada?

Besi Nzito
Mimi pedali yangu ya Boss, ile ya kubadilisha sauti ya gitaa, je? Nayo nimekuwa nikitumia ya ruta ya intaneti.

Fundi Risasi
Boss ni volti 9, hasi katikati. Ya ruta itoe sasa hivi. Sasa hivi, kaka. Simama uende.

Besi Nzito
Nimesimama.

Solo ya Mwisho
Jamani, uzi wangu? Nimeuliza ushauri. Nirudi kesho kwa jamaa au nianzie serikali za mitaa?

Kinanda Kimoja
Mkuu tulia kwanza, hapa tuko kwenye adapta. Fundi, hiyo dayodi iko upande gani nikifungua?

Mtoto wa Tandale
Mzee wa Ender, bado unalo? Nina laki moja na nusu. Nataka la kujifunzia, freti za juu sifiki.

Solo ya Mwisho
Laki 4 na 80 nilitoa. Toka hapa.

Mtoto wa Tandale
Laki na sitini.

Mama Kwaya
Na adapta ya PSR ya kweli naipata wapi, isiwe kwa yule jamaa?

Kinanda Kimoja
Na mimi naitafuta.

Solo ya Mwisho
Mimi ninayo moja humu ndani. Yamaha, volti 12, chanya katikati, nimeangalia mchoro. Ilikuwa ya mpiga kinanda wetu, alihamia Dodoma. 25,000.

Tumeni na ya kutolea.